Kwa nini malaria hurudi: Saa inayotawala kuzaana kwa vimelea

Na DAKTARI WETU

Karani mmoja wa makamo alinijia kliniki mapema mwezi wa Januari, siku chache baada ya kurejea Nairobi kutoka kwao Siaya, alikokaa wiki tatu na jamaa zake wakati wa Krismasi. Alikuwa na homa, kichwa kikimgonga na viungo vikimuuma. Tulimpima damu tukaona vimelea vya malaria. Nilimpa tembe 24 za dawa ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la AL, azimeze kwa siku tatu: tembe nne kila mara, mara sita kwa jumla.

Siku 14 baadaye mkewe alimleta kwa teksi, akitapika na hawezi kuketi bila kuegemezwa. Damu yake ilionyesha vimelea tena, tena vingi kuliko mara ya kwanza. Nilipouliza kama alimaliza dawa, mkewe alimtazama, naye akafumba macho. Alikuwa amemeza tembe 12 tu. Kufikia adhuhuri ya siku ya pili homa ilikuwa imekwisha na hamu ya chakula imerudi, akaona si busara kumaliza dawa nzuri ilhali yu mzima.

"Daktari, mimi nilipona kabisa," aliniambia siku alipopata nguvu za kuzungumza. "Nilikula, nikaenda kazini. Sasa hawa wadudu wametoka wapi tena, na hapa Nairobi sijaumwa na mbu hata mmoja?"

Hilo ni swali zuri, na wengi huniuliza mfano wake. Jibu lake limo katika jinsi kimelea cha malaria kinavyozaana, na jinsi jeni zake zinavyoamua ni lini kigawanyike, ni lini kitulie na ni lini kijiandae kusafiri kwa mbu. Mtu akielewa jambo hili, ataelewa pia kwa nini tunasisitiza siku tatu na si siku moja na nusu.

Mgeni wa chembe moja

Kimelea cha malaria ni protozoa, yaani kiumbe ambacho mwili wake wote ni seli moja tu. Hakina kichwa, tumbo wala miguu. Aliyekiona mara ya kwanza katika damu ya mgonjwa ni daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa Algeria mwaka 1880. Kuna aina kadhaa za vimelea hivi, lakini kile kinachosababisha malaria nyingi nchini Kenya, na ambacho ndicho kikali kuliko vyote, huitwa Plasmodium falciparum.

Mbu jike aina ya Anofelesi anapomuuma mtu, huingiza pamoja na mate yake vimelea vichache ambavyo hukimbilia kwenye ini. Humo hukaa takriban wiki moja bila mtu kuhisi lolote. Lakini havikai bure. Kimelea kimoja kilichoingia katika seli ya ini huzaa makumi ya maelfu ya vimelea vipya. Seli hiyo inapopasuka, jeshi hilo humwagika katika damu, na kila kimoja hutafuta chembe nyekundu ya damu na kujipenyeza ndani yake kwa muda usiozidi dakika moja.

Hapo ndipo ugonjwa wenyewe huanza.

Saa 48 ndani ya chembe ya damu

Ndani ya chembe nyekundu, maisha ya kimelea hiki huenda kwa ratiba ya takriban saa 48. Katika saa 20 hivi za mwanzo huonekana chini ya hadubini kama pete ndogo, na ndiyo maana wataalamu wa maabara huita hatua hii hatua ya pete. Baada ya hapo hunenepa. Hula hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba hewa ya oksijeni katika damu yetu, na kujijenga kwa chakula hicho. Ndiyo sababu mgonjwa wa malaria hupungukiwa na damu, hasa mtoto.

Kwa takriban saa 30 hivi kimelea hakianzi kugawanyika. Kisha mambo hubadilika ghafla. DNA yake, yaani ule uzi wenye maagizo yote ya uhai, huanza kunakiliwa, na kiini cha seli hugawanyika mara baada ya mara.

Hapa pana tofauti kubwa kati ya seli zetu na kimelea hiki. Seli ya ngozi yako inapotaka kuzaana hunakili DNA yake mara moja, kisha hujikata katikati ikawa seli mbili. Kimelea cha malaria hakina subira hiyo. Hugawanya kiini bila kuugawa mwili. Viini viwili huzaa vingine, navyo huzaa vingine, vyote vikiwa katika mfuko mmoja. Isitoshe, havigawanyiki kwa pamoja kama askari wanaopiga gwaride. Kila kiini hufuata mwendo wake, kimoja kikinakili DNA huku jirani yake akiwa amepumzika. Mwishoni, mwili hukatwa mara moja tu, na kila kiini hupata kipande chake. Kutoka kwa kimelea kimoja hupatikana vimelea vipya kati ya 16 na 32 kwa kawaida.

Kisha chembe ya damu hupasuka. Vimelea vipya hutoka pamoja na taka zao, na mwili huitikia kwa homa na kutetemeka. Mtaalamu wa Italia, Camillo Golgi, alitambua katika miaka ya 1880 kwamba homa ya malaria huja wakati vimelea vinapomaliza kugawanyika. Yafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba katika malaria ya falciparum homa mara nyingi haifuati saa 48 barabara, kwa kuwa makundi ya vimelea huwa yamepishana. Kwa hivyo usingoje homa "ya siku mbili" ndipo uende kupimwa.

Hesabu ambayo karani wangu hakuijua

Hebu tufanye hesabu kidogo. Si kila kimelea kinachozaliwa hufaulu kuingia katika chembe nyingine ya damu. Vingi huuawa na kinga ya mwili. Tuseme ni kumi tu vinavyofaulu kutoka kwa kila kimoja. Kimoja huwa kumi baada ya siku mbili, mia moja baada ya siku nne, na milioni moja baada ya siku 12.

Mtu mzima ana damu ipatayo lita tano. Ili mtaalamu wa maabara aone vimelea kwa hadubini bila shaka, ni lazima kuwe na takriban milioni 250 katika damu yote ya mgonjwa. Chini ya hapo vinaweza kumpita. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa na vimelea milioni moja mwilini, asihisi homa, na hata akipimwa kwa hadubini akaambiwa hana malaria.

Sasa mfikirie karani wangu akiwa na vimelea bilioni kumi siku ya kwanza, kiasi ambacho si cha ajabu kwa mgonjwa. Dawa za jamii ya artemisinini, ambazo zimo katika AL, zina nguvu nyingi. Katika mzunguko mmoja wa saa 48 zinaweza kupunguza vimelea mara elfu kumi hivi. Bilioni kumi huwa milioni moja. Mgonjwa huona amepona, na ana haki ya kuona hivyo, kwa kuwa homa imeondoka. Lakini milioni moja bado vimo. Anayemaliza siku tatu dawa yake hugusa mzunguko wa pili, na milioni moja huwa mia moja. Hao mia moja humalizwa na dawa ya pili iliyomo katika tembe hiyo hiyo, lumefantrini, pamoja na kinga ya mwili.

Aliyekatiza dawa aliacha milioni moja. Siku nane zinatosha kurudisha bilioni kumi, ukiondoa siku chache ambazo mabaki ya dawa yalivichelewesha. Basi hao hawakutoka kwa mbu wa Nairobi. Walikuwemo mwilini tangu Siaya.

Nani hupiga kengele?

Swali lililowasumbua wataalamu kwa muda mrefu ni hili: kimelea hujuaje kwamba sasa ni saa ya kula, sasa ni saa ya kunakili DNA, na sasa ni saa ya kupasua chembe ya damu na kutoka?

Jibu lilianza kufunguka mwaka 2002, watafiti wa nchi mbalimbali walipotangaza kwamba wamesoma DNA yote ya Plasmodium falciparum. Walikuta kromosomu 14 zenye jeni zipatazo 5,300. Jeni ni agizo la kutengeneza protini fulani, na protini ndizo zinazofanya kazi katika seli.

Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco waliviotesha vimelea katika maabara, wakachukua sampuli kila saa kwa saa 48, wakitazama ni jeni zipi zinazotumika. Walichokiona ni kama jikoni kwa mpishi hodari wa harusi. Mpishi huyo hamwagi mchele, vitunguu, nyama na viungo vyote katika sufuria kwa wakati mmoja. Kila kitu huingia saa yake inapofika, na kikishatumika huondolewa mezani. Kimelea nacho hufanya vivyo hivyo. Jeni nyingi huwashwa mara moja tu katika mzunguko, muda mfupi kabla ya kazi yake kuhitajika, kisha huzimwa. Jeni za kunakili DNA huwaka katikati ya safari, na zile za kuvamia chembe mpya ya damu huwaka mwishoni.

Protini zinazoshika swichi hizi ni chache mno. Binadamu ana zaidi ya elfu moja za kuwasha na kuzima jeni. Kimelea cha malaria kina jamii moja kuu ya protini hizo, iitwayo AP2, na idadi yake haifiki 30. Pamoja nazo zipo protini nyingine zinazotoa amri kwa wakati maalumu. Moja huitwa CRK4. Watafiti walipoizuia kufanya kazi, kimelea kilinenepa kama kawaida lakini kikashindwa kunakili DNA, kwa hivyo hakikuzaa. Nyingine, PKG, ndiyo hutoa ishara ya kupasua chembe ya damu na kutoka.

Kwa miaka mingi wengi wetu tuliamini kwamba kimelea hufuata tu saa ya mwili wa mtu: tunakula, tunalala, joto linapanda na kushuka, nacho kinafuata. Mwaka 2020 makundi mawili ya watafiti yalitoa ushahidi kwamba kimelea kina saa yake ndani yake. Husikiliza mwili wa mwenyeji wake, lakini hata mwili huo usipompa mdundo, chenyewe huendelea kuhesabu.

Kukaa au kusafiri

Kuna uamuzi mwingine ambao jeni hufanya, nao unahusu jirani zako zaidi ya unavyokuhusu wewe.

Kimelea kinachogawanyika katika damu yako, hata kikizaa mabilioni, hakiwezi kwenda kwa mtu mwingine kwa njia ya mbu. Ili kisafiri, ni lazima baadhi ya vimelea viache kugawanyika na kugeuka kuwa vya kiume na vya kike. Hivi huitwa gametosaiti. Huchukua siku 10 hadi 12 hivi kukomaa, kisha huzunguka katika damu vikimngoja mbu.

Mwaka 2014 wataalamu walitambua jeni inayoamua jambo hili. Huitwa AP2-G, nayo ni ya ile jamii ya swichi tuliyoitaja. Katika vimelea vingi jeni hii huwa imefungwa na kufunikwa kwa protini, mfano wa duka lililoshushwa vyuma vya mlango. Katika kila mzunguko wachache hufunguliwa, kwa kawaida chini ya mmoja katika kumi, na watoto wao huingia njia ya kusafiri. Vimelea vilivyoharibiwa jeni hii huendelea kuzaana katika damu lakini haviwezi kamwe kutoa gametosaiti. Mwaka 2017 ilionekana pia kwamba aina fulani ya mafuta iliyomo katika damu ikipungua, vimelea vingi zaidi huchagua kusafiri. Ni kama mpangaji anayeona chakula kinaadimika nyumbani akaanza kufunga mizigo.

Mbu anapozinyonya gametosaiti hizo, hutoka katika joto la damu ya mtu na kuingia katika tumbo la mdudu, ambamo joto ni pungufu. Baridi hiyo, pamoja na kemikali iliyomo mwilini mwa mbu, huwasha protini nyingine ya amri iitwayo CDPK4. Kisha hutokea jambo la kushangaza. Kimelea cha kiume hunakili DNA yake mara tatu na kutoa mbegu nane katika dakika 10 hadi 15 tu. Sijui seli nyingi duniani zinazogawanyika kwa kasi ya namna hiyo.

Kwa nini nayaeleza haya? Kwa sababu gametosaiti hazileti homa. Mgonjwa aliyetibiwa nusu, au aliyekaa siku nyingi nyumbani akitegemea dawa za kutuliza maumivu, huwapa vimelea muda wa kutoa wasafiri. Yeye anatembea sokoni akiwa mzima, huku mbu wa kijijini wakichota kutoka kwake. AL huua gametosaiti changa, lakini zile zilizokomaa hazifi kwa urahisi. Kuwahi matibabu na kuyamaliza ni kinga kwa watoto wa jirani.

Kimelea kinaposimamisha saa

Artemisinini hutokana na mmea uliotumiwa kwa karne nyingi na waganga wa Uchina. Mwanasayansi Tu Youyou aliyeongoza kazi ya kuitoa katika mmea huo katika miaka ya 1970 alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa hii hufanya kazi kwa hila. Inapokutana na mabaki ya hemoglobini ambayo kimelea kimekula, madini ya chuma yaliyomo humo huiwasha, nayo huziunguza protini za kimelea kutoka ndani. Kwa maneno mengine, ulafi wa kimelea ndio kiberiti chake.

Lakini kimelea kina njia ya kujiokoa. Baadhi ya vile vilivyo katika hatua ya pete, vikiguswa na dawa, husimamisha saa. Havili, havikui wala havigawanyiki. Hulala hivyo siku kadhaa, hata wiki, kisha huamka na kuendelea pale vilipoachia. Artemisinini nayo haikai mwilini. Baada ya saa chache huwa imekwisha. Anayelala hadi mvua ipite huamka mkavu.

Hii ndiyo sababu artemisinini haitolewi peke yake. Lumefantrini hukaa katika damu siku nyingi, ikiwangoja wanaoamka. Lakini hukaa kwa kiasi cha kutosha ikiwa tu tembe zote zimemezwa, tena pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwa kuwa bila mafuta sehemu kubwa ya dawa hii hupita tumboni bila kuingia katika damu.

Sasa kuna habari ambayo haifai kupuuzwa. Mwaka 2014, uchunguzi wa vimelea vya Kambodia ulionyesha kwamba mabadiliko madogo katika jeni iitwayo K13 huvisaidia kustahimili artemisinini. Baadaye ilieleweka kwamba mabadiliko hayo huvifanya vimelea vichanga vile hemoglobini kidogo zaidi. Wakila kidogo, kiberiti hakiwaki. Kwa muda tulijifariji kwamba shida hiyo ni ya Asia. Lakini vimelea vyenye mabadiliko ya K13 vilithibitishwa Rwanda mwaka 2020 na Uganda mwaka 2021, na Shirika la Afya Ulimwenguni limeitaja Tanzania na Eritrea pia. Hawa si watu wa mbali. Basi la jioni kutoka Kampala hufika Nairobi asubuhi.

Tusiogopeshane. Hali hii huitwa ukinzani wa sehemu, yaani vimelea huchelewa kuondoka, lakini mgonjwa anayemaliza dawa kwa kawaida bado hupona, ikiwa dawa ya pili ina nguvu. Hata hivyo, tulio na umri tunakumbuka klorokwini. Ilikuwa tembe ya kila nyumba. Kenya iliacha kuitegemea mwaka 1998 baada ya vimelea kuizoea, ikahamia dawa za jamii ya salfa, nazo zikashindwa upesi. AL ilianza kutolewa kwa wingi mwaka 2006. Mwaka 2023 pekee malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani, wengi wao watoto wa Afrika. Hatuna foleni ndefu ya dawa nyingine zinazosubiri.

Nawe ufanye nini?

Kwanza, usinunue dawa ya malaria kwa kubahatisha. Si kila homa ni malaria, hasa kwa mkazi wa Nairobi ambaye hajasafiri. Lakini ukiwa umerudi kutoka kanda ya Ziwa, Pwani au sehemu nyingine yenye malaria, kisha ukapatwa na homa hata baada ya wiki kadhaa, mwambie daktari ulikotoka na upimwe siku hiyo hiyo.

Pili, meza dozi zote sita kwa saa zake. Ya pili huja saa nane baada ya ya kwanza, kisha ni asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Kula kitu pamoja nayo: maziwa, chai ya maziwa, yai, ugali na mboga iliyokaangwa. Ukitapika kabla ya nusu saa kupita, rudia dozi hiyo, na urudi kliniki upewe tembe za kuijazia. Mama mjamzito na mzazi wa mtoto mchanga wamweleze daktari kwanza.

Tatu, homa ikirudi katika majuma yanayofuata, rudi kwa daktari na useme ukweli kuhusu dawa ulizomeza. Omba damu itazamwe kwa hadubini. Kipimo cha haraka cha kijikaratasi kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa hata vimelea vikiwa vimekufa, kwa sababu hupima protini vilizoacha nyuma.

Nne, mgonjwa anayetapika kila kitu, anayechanganyikiwa, aliye na degedege, anayehema kwa shida au asiyeweza kuketi hafai tembe za nyumbani. Mpeleke hospitali mara moja. Vimelea vinavyokomaa hunata katika mishipa midogo ya damu, hata ya ubongo, na kila saa ina thamani.

Tano, lala ndani ya neti unapokwenda mashambani, hata kama ni usiku mmoja. Mtoto aliye katika eneo linalotoa chanjo ya malaria, ambayo ilianza kutolewa magharibi mwa Kenya mwezi wa Septemba 2019, na apelekwe apate dozi zote. Chanjo hiyo humkabili adui kabla hajafika kwenye ini, yaani kabla saa ya kuzaana haijaanza kugonga.

Tembe 12 zilizobaki

Karani wangu alilazwa. Alidungwa sindano za artesuneti hadi alipoweza kumeza, kisha akapewa dozi mpya kamili ya AL, na mara hii muuguzi alisimama kando ya kitanda akihesabu. Alipona.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani nilimwomba anirudishie zile tembe 12 ili tuziharibu. Alinyamaza kidogo.

"Sinazo, Daktari," alisema. "Mama alinipigia simu kutoka nyumbani akisema ana homa. Nikampelekea kwa matatu. Nilidhani namsaidia."

Kwa hivyo pakiti moja ya dawa ilikuwa imegawiwa watu wawili, na haikumtosha yeyote. Nilimwambia ampigie mama yake simu pale pale, mbele yangu, aende zahanati siku hiyo akapimwe kwa hadubini na awaeleze wahudumu alichomeza. Mama alikwenda, na damu yake ilikuwa na vimelea. Alipewa dozi yake mwenyewe, tembe 24, na mjukuu akapewa kazi ya kumhesabia.

Mwana anayempenda mama yake hamtumii nusu ya dawa. Humtumia nauli ya kwenda kupimwa.